Tetris Haihitaji Mlinzi

Machi 2007, katika mkutano wa watengenezaji wa gemu mjini San Francisco, Henry Lowood wa Chuo Kikuu cha Stanford alitangaza orodha ya gemu 10 zinazostahili kuhifadhiwa daima. Alikuwa ameichagua na wenzake wanne, wakiwemo Warren Spector na Steve Meretzky ambao wenyewe ni watengenezaji. Walifuata mfano wa filamu: sheria ya Marekani ya 1988 ilianzisha utaratibu wa kuteua filamu 25 kila mwaka ili zitunzwe kama urithi wa taifa. Orodha ya Lowood ilianzia Spacewar!, iliyoandikwa na vijana wa MIT mwaka 1962, ikapitia Zork, Tetris, SimCity na Doom, ikaishia kwenye kandanda ya Sensible World of Soccer. Mabishano yaliyofuata yalikuwa ya mashabiki: kwa nini hii, na mbona ile imeachwa? Karibu miaka 20 imepita, na kadiri ninavyoukumbuka mjadala ule ndivyo ninavyoona kwamba swali lenyewe limehama. Zamani tuliuliza ipi ni bora. Sasa inatubidi tuulize ipi itapotea tukikaa kimya.

Orodha ile ilifanya kazi yake, na haki yake isinyimwe. Gemu ilihesabiwa kuwa kitu cha watoto, na kitu cha watoto hakitengewi bajeti wala chumba. Filamu nazo zilidharauliwa vivyo hivyo zilipoanza, na gharama yake inajulikana: utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kuwa takriban asilimia 70 ya filamu ndefu za Marekani za enzi ya filamu bubu zimepotea kabisa. Kwa hiyo majina 10 yaliyotamkwa na msomi wa Stanford yalikuwa hoja ya kupeleka kwa wenye fedha. Mwaka 2012 jumba la sanaa la MoMA, New York, likachukua gemu 14. Mhakiki Jonathan Jones wa gazeti la The Guardian alikataa katakata kuziita sanaa, lakini gemu zilibaki jumbani. Mwaka 2015 jumba la makumbusho la The Strong, Rochester, likaanza kuenzi gemu kwa kuteua 6 za kwanza. Vita vya heshima vilikuwa vimekwisha.

Tatizo linaonekana ukizipanga orodha hizo tatu kando kwa kando. Tetris imo katika zote. Doom na Pac-Man zimo katika mbili. Wahenga walisema chema chajiuza, na kwenye gemu kinachojiuza ndicho pia kinachojihifadhi. Alexey Pajitnov aliibuni Tetris mjini Moscow mwaka 1984 kwenye Elektronika 60, kompyuta isiyoweza kuchora picha, hata matofali yake yakaundwa kwa alama za mabano. Tangu hapo imenakiliwa kwenye karibu kila aina ya mashine. Msimbo wa Doom ulitolewa kwa umma mwaka 1997, na wapenzi wake wameshaicheza hadi kwenye printa. Gemu kama hizo hata ukitaka kuziua hutaweza. Lakini mwaka 2023 wakfu wa historia ya gemu nchini Marekani ulionyesha kwamba, kati ya kila gemu 100 zilizotoka nchini humo kabla ya 2010, 87 hazipatikani tena madukani. Orodha za fahari huwapa walinzi walio salama tayari.

Na hata umaarufu haukingi kila kitu. Jordan Mechner, aliyetunga Prince of Persia mwaka 1989, aliamini kwamba msimbo wake wa awali umepotea, hadi baba yake alipokuta boksi la diski kabatini. Mwaka 2012 wataalamu walileta mashine za zamani, wakasoma diski moja baada ya nyingine kabla sumaku haijafifia, na msimbo ukaokoka. Ukweli ni kwamba uliokolewa na mzee asiyetupa vitu. Mchezo wa bao, kinyume chake, umedumu kwa sababu sheria zake zimo vichwani mwa wachezaji. Ubao ukivunjika, utachongwa mwingine. Gemu ya video haina bahati hiyo, maana sheria zake zimo ndani ya mashine, na siku hizi mashine hiyo iko mbali na mchezaji. The Crew, gemu ya mbio za magari, ilizimiwa seva mwaka 2024, na walioinunua wakabaki na diski isiyofungua chochote. MoMA ilipoichukua EVE Online, ulimwengu unaojengwa na maelfu ya watu kwa pamoja, ilichoweza kuwaonyesha wageni ni video ya siku moja ndani yake.

Wapo watakaosema haiwezekani kuhifadhi kila kitu, kwa hiyo kuchagua hakukwepeki. Kwa gemu za zamani hoja hiyo haisimami: Super Mario Bros. nzima ni kilobaiti 40, ndogo kuliko picha moja ya simu. Kinachopungua ni ruhusa. Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuruhusu maktaba kuwafungulia watafiti gemu za zamani wakiwa mbali. Kampuni zilihofia kwamba watu watacheza bure na soko la matoleo mapya litaharibika. Hofu hiyo ina msingi kwa zile 13 kati ya kila 100 ambazo bado zinauzwa. Kwa zile 87 hakuna soko la kuharibu. Kuchagua kunahitajika kweli kwa gemu za sasa, zenye ukubwa wa gigabaiti nyingi na seva za kulipia kila mwezi.

Hapo ndipo orodha fupi inarudi kuwa na maana, ila kwa kipimo kingine: sisi tusipoihifadhi, nani ataihifadhi? Kwa kipimo hicho ningeanza na gemu zinazotegemea seva, pamoja na rekodi za wachezaji wake, kisha gemu za simu ambazo hazikuwahi kuwa na diski wala kaseti. Katika orodha zile tatu hamna gemu hata moja iliyotengenezwa Afrika, na za kwetu nyingi ni za simu. Ma3Racer ya Kenya, inayomkabidhi mchezaji usukani wa matatu, inaeleza barabara za Nairobi kwa namna ambayo hakuna gemu ya Tokyo wala California itakayoeleza. Haina mashabiki wa dunia nzima wa kuinakili kwenye printa. Mwenye nafasi tano tu za kulinda asiipe Tetris hata moja. Mojawapo aipe gemu ya aina hii.