Nairobi au Kampala? Kwa biharusi anayetafuta nguo zake



Mfunguo Mosi ukiingia tu, mabiharusi huanza kututaka shauri: "Dada zangu, nikanunue vitu vyangu Nairobi au Kampala?" Miji hii tunaijua kwa miguu yetu, maana vitambaa vingi tunavyoshona tumevifuata huko. Leo tuseme tunavyoiona.

Nairobi ni mji wa haraka. Ulianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, na mpaka leo watu wake wanatembea kama wanaokimbilia treni. Ukifika Eastleigh, wenyewe wanapaita Islii, maduka yamepandana ghorofa kwa ghorofa, mengi ya ndugu zetu Wasomali. Mabaibui, madira, lasi, mashuka, manukato, yote pahala pamoja. Muuzaji hana muda wa hadithi: bei hii, unachukua au huchukui? Raha yake kwetu ni lugha. Kiswahili chao si cha Unguja, lakini tunasikilizana, na anayesikilizana na muuzaji hapunjwi kirahisi. Kanga na vikoi viko Biashara Street, katikati ya mji, na Msikiti wa Jamia uko karibu, kwa hivyo adhuhuri haikupiti. Ukienda Julai chukua sweta, baridi yake si mchezo.

Kampala ina tabia nyengine. Ndege inakushusha Entebbe, kando ya Ziwa Victoria, halafu unakwenda kwa gari mpaka kwenye vilima vya mji. Kule maamkizi yanatangulia biashara. Muuzaji atakwita "nnyabo", yaani bibi, akuulize hali, ndipo mfike kwenye bei. Sisi mafundi tunapenda sana kuliangalia busuti lao: mabega yamesimama, mshipi mpana kiunoni, nguo imeshuka mpaka chini. Wanawake wa Kiislamu wanalivaa na mtandio, wamestirika na bado ni Waganda. Pale Kiyembe unaokota kitambaa na cherehani ziko karibu.

Usirudi bila kufika Msikiti wa Taifa, kilima cha Old Kampala, uliofunguliwa rasmi mwaka 2008. Ukipanda ngazi za mnara unauona mji wote chini yako. Taabu ya Kampala ni kwamba Kiswahili hakikufikishi mbali, na bodaboda zinatoka kila upande. Ukivaa baibui refu, panda teksi.

Tukisema kweli, roho zetu ziko Kampala, mizigo yetu inatoka Nairobi. Mwenye siku tatu na orodha ndefu, aende Nairobi. Mwenye nafasi, anayetaka kitu ambacho hatokikuta kwa biharusi wa mtaa wa pili, aende Kampala.

Lakini kuna jambo linatuuma. Biharusi mmoja alikuja kwetu na mahari yake yote ndani ya mkoba, tayari kuimaliza kwa tiketi na nguo za siku tatu za sherehe, na mama yake ameshaanza kukopa kujazia. Tulimkalisha kitako. Mahari ni haki yako, Mwenyezi Mungu amekupa wewe katika Suratun Nisaa, si ya mpiga picha wala ya macho ya waalikwa. Tulimshonea gauni kwa lasi iliyokuwepo hapa hapa Unguja, na pesa iliyobaki amenunulia friji, leo anauza maji baridi na malai.

Kwa hivyo mwanetu, kabla hujauliza mji gani, uliza pesa hii ni ya nani na baada ya harusi utabaki na nini. Ikiwa imebaki ya safari, bismillahi, nenda na mahram au na wanawake wenzako wanaoijua njia, na orodha yako mkononi.

Mwenyezi Mungu azitie baraka ndoa zetu na riziki zetu. Amin.