Nasaba ya Obama, Kendu Bay hadi Kogelo

Tuliondoka Kisumu baada ya sala ya Alfajiri, tukashika njia ya Ahero na Katito mpaka Kendu Bay, mji mkongwe wenye msikiti wa Tawakal. Upande huu wa ziwa ndiko alikotoka Onyango bin Obama.

Kwa Wajaluo, Onyango ni jina la mtoto aliyezaliwa jua la asubuhi likiwa limekwisha kupanda. Obama nalo lilikuwa jina la baba yake, mtu mmoja, wala si jina la ukoo. Husimuliwa kwamba baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Onyango alikaa Unguja, akasilimu huko na kuitwa Hussein. Kheri hiyo, basi, ilitoka kwetu pwani, nasi hatukuishughulikia mpaka mjukuu alipokuwa rais! Mwanawe aliitwa Barack, ambalo ndilo Baraka letu. Mwaka 1959 kijana huyo alivuka bahari kwenda Chuo Kikuu cha Hawaii, na jina la babu yake likaganda ng'ambo, likawa la ukoo mzima.

Siku ya pili tulipita barabara ya Bondo hadi Kogelo, alikohamia Hussein, na alikozikwa yeye na mwanawe. Mjukuu alipofika hapo mwishoni mwa miaka ya 1980, akitafuta asili yake, aliyemjibu ni Mama Sarah, mke wa Hussein. Alimhesabia wazee kwa Kijaluo, Auma akifasiri: Okoth, mwanawe Opiyo, mwanawe Obama, ndipo Onyango, na nyuma ya Okoth wengine wengi. Naye hakumzaa baba wa kijana yule, alimlea tu. Nasaba isiyo ya damu yake ndiyo aliyoihifadhi kichwani, bila daftari. Alifariki Kisumu tarehe 29 Machi 2021, akazikwa kesho yake Kogelo kwa taratibu za Kiislamu.

Njiani tukawauliza vijana wa msafara wetu, ambao wana ndugu Muscat na London, wataje babu zao. Wawili walikwama kwenye jina la tatu. Bibi mmoja aliyekuwa kiti cha nyuma akaomba daftari la madrasa na kalamu, akaanza kuwatajia. Tulifika mjini magharibi, majina kumi na manne yameandikwa, na pengo moja upande wa Lamu.