Pima Taa Ikiwa Kazini

Gari la wagonjwa liliingia gereji asubuhi na dereva wake, mtu mzima, mtulivu, aliyekwisha kuchoka kueleza. Nikamwamkia.

"Marahaba, fundi. Taa za juu upande wa kushoto zinakufa. Wenzako wawili wameniambia ninunue mpya."

Nikamwomba aziwashe. Zikawaka zote, buluu na nyekundu, bila kasoro. Akatikisa kichwa. "Hapa zinawaka. Usiku nikiwa na mgonjwa ndiyo zinanikimbia."

Jibu lilikuwa humo humo katika maneno yake, nami nikalipita. Nikachomoa plagi ya taa, nikaweka mita: volti 12.6. Fyuzi nzima. Relei inagonga vizuri. Nyaya zilionekana hazina neno, basi lawama ikabaki kwa taa. Nilikuwa karibu kumwambia yale yale aliyokwisha kuambiwa.

Kilichonizuia ni bei. Taa za LED za gari la wagonjwa hazinunuliwi kwa kubahatisha, na gari likilala kuzisubiri, kuna mama mjamzito atakayepakiwa kwenye bodaboda. Nikairudisha plagi, nikamwambia mzee awashe injini, taa kubwa, king'ora, kila anachowasha akiwa na mgonjwa. Haikupita dakika, upande wa kushoto ukaanza kupepesa, kisha ukazimika.

Nikaweka ncha moja ya mita kwenye waya wa hasi wa taa, nyingine kwenye hasi ya betri. Hapo, hata vitu vyote vikiwa vimewashwa, mita hutakiwa kusoma karibu na sifuri. Ilisoma volti 4 na ushee. Kwenye betri, injini ikiwaka, palikuwa na 14, taa inabakiwa na chini ya 10. Nikaufuata waya ule, ambao sisi mafundi tunauita ethi, mpaka nyuma ya kiti, ulikofungwa kwenye bodi kwa nati moja pamoja na ethi ya king'ora. Nikaigusa nati, nikaondoa kidole upesi. Ilikuwa ya moto. Chini yake palikuwa na rangi ya bodi, na chini ya rangi kutu nyekundu iliyojaa unyevu wa chumvi, kama ilivyo kwa magari yetu ya pwani. Umeme ulikuwa unakwenda hadi kwenye taa salama, ila njia ya kurudi kwenye betri ilikuwa imeziba.

Kwa nini mita ilinidanganya mwanzo? Haikunidanganya. Nilipochomoa plagi hakukuwa na mzigo, yaani taa haikuwa inavuta umeme, na bila mzigo hata waya uliobakiwa na uzi mmoja husoma volti kamili. Na LED ina tabia yake. Taa ya zamani ya balbu, umeme ukipungua, nayo hufifia, ukauona ugonjwa wake mapema. LED ndani yake mna saketi inayolinda mwanga usipungue. Itavumilia upungufu huku ikimulika vile vile, mpaka ifike mahali haiwezi tena, ndipo inazimika ghafla, na watu wanasema imekufa.

Nilipokuwa nasugua kutu ile kwa msasa, nilimkumbuka dada yangu. Mama alipooza upande mmoja, na dada ndiye aliyekaa naye nyumbani miaka miwili. Sisi wengine tulikuwa mjini. Kila mwezi tulituma pesa, kila Jumapili tulipiga simu. "Hamjambo huko?" "Hatujambo, mama amekula, anawasalimu." Nasi Waswahili ndivyo tulivyo: mtu ana homa, nyumba imeezuliwa paa, atajibu kwanza "nzuri", kisha ndipo aseme "ila". Dada hakuifikia "ila", maana sisi tulikuwa tumeshakata simu. Siku moja alikaa uani, akashindwa kuinuka, akashindwa hata kusema. Kwenye kikao cha familia mmoja wetu alisema dada amebadilika siku hizi. Hakuna aliyembishia, hata mimi.

Nilikwenda kukaa naye wiki mbili. Usiku wa kwanza nilimgeuza mama mara 4, nikafua mashuka saa nane za usiku kwenye beseni, na asubuhi simu ya mjini ikalia. Nikajisikia nikijibu, "Hatujambo." Pesa zetu zilikuwa zinafika, sikatai. Kilichokosekana ni mtu wa kumpokea, alale usiku mmoja. Tukapangiana zamu. Dada hakuwa amebadilika. Alipolala siku tatu mfululizo alirudi yule yule.

Nati ile niliisugua hadi chuma kikang'aa, nikatenganisha ethi mbili kila moja na nati yake, nikapaka grisi. Tukawasha vyote. Mita ikasoma volti 0.05, na taa zikasimama imara kwa nusu saa nzima. Mzee aliuliza gharama, nikamtajia ya msasa na saa moja ya kazi.

Basi ndugu dereva wa gari la wagonjwa, unapopokea zamu usiwashe taa peke yake ukaridhika. Washa injini, taa kubwa, king'ora na vyote unavyotumia njiani, vyote kwa pamoja, kisha shuka ulizunguke gari na utazame kwa dakika tano. Fanya hivyo kabla simu haijalia.