Marekani Tunayoiona Kutoka Kibosho

Leo nataka niwapeleke Marekani, ila msihangaike kutafuta nauli. Mimi mwenyewe sijapata kufika huko, na safari yetu haitavuka hata mto Kikafu. Tutaanzia Moshi mjini, tupande hadi Kibosho ninakofanya kazi ya ukarani wa parokia, na mtakayoyaona na kuyasikia njiani yatatosha.

Mkishuka stendi ya Moshi, nendeni kwa miguu mpaka kwenye mnara wa saa. Mnara huo kwa miaka mingi umevaa jina la Coca-Cola, kinywaji cha watu wa Atlanta. Mtoto wa Moshi hulijua jina hilo kabla hajajua kuandika lake. Basi hiyo ni Marekani ya kwanza, wala si ya kukawia. Pandeni gari la Kibosho. Barabara inaacha joto la tambarare, inaingia katika migomba, na chini ya migomba mnaiona kahawa. Hapo kaeni vizuri, kwa maana kahawa hii na Marekani vimejuana zamani.

Kahawa mlimani ilipandwa kwanza penye misioni ya Kilema, iliyofunguliwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1890. Kibosho wakaja mwaka 1893. Wenyeji walipoona faida yake wakaipanda kila mtu katika kihamba chake, wakaunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU ambayo jengo lake mnaliona mpaka leo mjini. Mwaka 1962 nchi zinazouza kahawa na nchi zinazoinunua zilipatana juu ya mgao, yaani kila nchi iuze kiasi gani, ili bei isianguke. Mnunuzi mkubwa kuliko wote katika mapatano hayo alikuwa Marekani. Mwaka 1989 mgao ukavunjika, bei ikaporomoka, na wazee wetu wengi wakashika mapanga wakang'oa mibuni waliyoachiwa na baba zao, wakapanda nyanya na mahindi. Mimi nilikuwa mtoto mchanga wakati huo. Lakini mama anasema kwamba mwaka ule nguo za Krismasi hazikununuliwa nyumbani kwetu. Msiniambie basi kwamba siasa za nchi za mbali hazimhusu mkulima.

Wazee hao walikwisha kuijua Marekani kabla ya hapo. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, mtu wa Meru, alikwenda New York mbele ya Umoja wa Mataifa kulalamika kwamba watu wake wamefukuzwa katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili wapewe walowezi. Aliongozana na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi hapa Moshi. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini sauti ilisikika. Mwalimu Nyerere akafuata mwaka 1955, na Mangi Mkuu Thomas Marealle mwaka 1957. Nao Wamarekani walikuja kwetu kwa kazi ya dini. Mmoja wa mapadre wao, Dennis Durning, akawa Askofu wa kwanza wa Arusha mwaka 1963.

Haya, tumefika Kibosho. Katika ofisi ya parokia nina daftari la wageni. Wengi wanaoandika humo ni wapandaji wa Mlima wanaopita kwenda lango la Umbwe, na Wamarekani si haba. Huingia kanisani, hutazama juu, hupiga picha, kisha huniuliza mambo. Nami huwauliza yangu. Hata hivyo mtu wa nusu saa hakufundishi nchi yake. Aliyenifundisha mimi ni kijana mmoja mwalimu, mtu wa jimbo la Ohio, aliyeletwa na Peace Corps kufundisha hesabu na fizikia katika shule ya sekondari ya karibu. Jina lake nitaliacha, maana hajaniruhusu.

Peace Corps ilianzishwa na Rais Kennedy mwaka 1961, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea vijana wake. Wa kwanza walikuwa wapima ardhi na mainjinia wa barabara. Mwaka 1969 walikwenda zao wakati urafiki wa serikali hizi mbili ulipokuwa umepoa, wakarudi mwaka 1979. Rafiki yangu alifika mwaka 2018. Alipanga chumba kwa jirani yetu, mzee tunayemwita Meku, na Jumapili baada ya Misa alikuwa akija kwangu kula. Alijifunza kumenya ndizi bila kujitia utomvu, jambo lililomchukua miezi mitatu.

Mwanzoni watu walimwona kama sanduku la fedha. Mmoja alimletea barua ya ada ya mtoto, mwingine hesabu ya mabati, wa tatu akamtaka ambatize mwanawe jina lake, halafu akataja ng'ombe. Yeye alikuwa akipewa posho ya kuishi kama mwalimu wa hapa, basi. Jioni moja alituambia mbele ya Meku kwamba babaye ni dereva wa lori, mamaye anauza dukani, na yeye mwenyewe anadaiwa maelfu ya dola alizokopa ili asome chuo kikuu. Na nyumba ya wazazi wake je? Nayo ni ya mkopo wa miaka 30. Meku akatikisa kichwa. Akasema, "Mwalimu, kwetu mwenye deni la miaka 30 tungemfanyia harambee." Tukacheka sana, na tangu siku ile barua za ada zilipungua.

Yako mambo ya Wamarekani ambayo nisingeyaelewa kama asingeniambia. Kijana wa ndugu yangu ni mpagazi wa Mlimani. Hubeba mzigo wa mgeni, ambao kwa sheria ya hifadhi usizidi kilo 20, na mwisho wa safari hungoja bahashishi. Akipewa na Mmarekani hurudi anacheka, akipewa na watu wa mataifa mengine pengine hurudi kimya. Tulidhani ni kwa sababu Wamarekani wana fedha nyingi. Mwalimu alisema si hivyo. Kwao mhudumu wa hoteli anaweza kulipwa na mwajiri dola 2.13 tu kwa saa, kiasi ambacho sheria ya nchi nzima haijakibadili tangu mwaka 1991, ingawa majimbo mengi yameongeza. Kinachobaki kinatoka mfukoni mwa mteja. Kwa hiyo Mmarekani amefundishwa tangu utoto kwamba mtu aliyekuhudumia anakula kwa mkono wako. Nadhani waajiri wetu wa mlimani waliipenda upesi desturi hiyo, maana inawapunguzia mshahara. Tangu mwaka 2003 hapa Moshi kuna mradi wa kuwatetea wapagazi, KPAP, uliotokana na shirika la Wamarekani wa Colorado. Huwaazima wapagazi nguo za baridi na kuangalia kama kampuni zinawalipa na kuwalisha sawasawa. Mtu mmoja wa Amerika anakuja na desturi yake, mwingine anakuja kutibu madhara yake. Ndivyo walivyo, na sisemi kwa kuwadharau.

Lakini neno lililotuchoma lilikuwa juu ya bibi yake. Mwalimu alituonyesha picha ya bibi kizee amekaa kitini, dirisha nyuma yake, na maua ya plastiki mezani. Akasema anaishi katika nyumba ya kutunzia wazee. Meku akauliza, "Huyu mama hakuzaa?" Akajibiwa, "Alizaa wanne." Meku akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Wote wamekufa?" La, wote wazima. Mmoja Texas, mmoja Florida, wawili Ohio lakini wanafanya kazi mchana kutwa.

Pale ndani kila mtu alikuwa ameshatoa hukumu moyoni. Kijana yule aliona nyuso zetu. Hakukasirika. Akauliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Na wewe, Meku, una watoto wangapi?" Saba. "Wako wapi?" Dar es Salaam watano, Mwanza mmoja, Arusha mmoja. "Wanakuja lini?" Krismasi. "Na bibi wa jirani, yule kipofu, miezi kumi na mmoja nani anampa maji?"

Hakuna aliyejibu, maana wote tulijua kwamba anayempa maji bibi yule ni msichana wa kazi kutoka Singida, mwenye miaka kumi na sita. Wasomaji, mnaijua Krismasi ya Uchagani. Magari yanapanda mlimani usiku na mchana, mbuzi wanachinjwa, mbege inapikwa, nyumba za matofali zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa madirisha. Halafu kabla Januari haijaenda mbali milango inafungwa tena, na wazee wanabaki na migomba. Wamarekani wana siku yao kama hiyo, Alhamisi ya nne ya Novemba, siku ya kushukuru, ambapo husafiri mbali kwenda kula bata mzinga kwa wazazi. Alipoieleza, mke wangu alisema, "Basi ni Wachaga hao."

Siku hiyo ya kushukuru ndiyo iliyoniingiza katika siasa zao. Mwalimu alisema kwamba tangu uchaguzi wa mwaka 2016 yeye na ndugu wa mama yake hawakai meza moja. Mmoja alimpigia kura Bwana Trump, mwingine alimpinga. Niliuliza jinsi wanavyochagua, naye akanichorea kwa chaki nyuma ya mlango wangu. Rais hachaguliwi kwa jumla ya kura za watu wote. Kila jimbo lina wajumbe wake, jumla 538, na anayepata 270 ndiye mshindi. Kwa hiyo mwaka 2000 na mwaka 2016 mshindi alikuwa na kura chache za wananchi kuliko aliyeshindwa. Meku alitazama mahesabu yale, akauliza, "Na huyo mjomba, umempelekea sale?" Kwa wasiojua, sale ni jani la mmea tunaopanda mipakani mwa vihamba, na aliyekosa akimpelekea mwenzake jani hilo, si desturi kumkatalia msamaha. Mwalimu alisema Ohio halioti. Meku akasema, "Basi mwandikie barua."

Wala tusijidai. Tangu vyama vingi viruhusiwe mwaka 1992, mlima huu umekuwa na siasa kali. Augustine Mrema alitoka kwetu, Edwin Mtei na Freeman Mbowe vilevile, na ninazijua nyumba ambamo baba na mwana walikataa kuchangia hata msiba kwa sababu ya rangi ya kofia. Tulipoona tarehe 6 Januari 2021 umati ukivunja madirisha ya Bunge la Washington, vijana walicheka wakasema, kumbe na wao! Siku ya uchaguzi wetu, 29 Oktoba 2025, na siku zilizofuata, damu ilimwagika katika miji yetu, na intaneti ikazimwa. Hakuna aliyecheka tena. Iliporudi, simu yangu ilipokea ujumbe sita mfululizo wa mtu wa Ohio. Wa kwanza uliuliza kama tu wazima. Wa sita uliuliza lile lile, kwa Kichaga.

Maana alikwisha kuondoka zamani. Machi mwaka 2020, kwa ajili ya korona, Peace Corps iliwarudisha kwao vijana wake wote duniani kwa siku chache. Alipewa muda wa kufunga begi moja. Aliacha kwangu sufuria, jembe na kuku wawili, na mahesabu ya kura nyuma ya mlango, ambayo mke wangu hataki yafutwe.

Mwaka jana aliniandikia kwa uchungu. Januari 2025 serikali yake ilisimamisha misaada ya nchi za nje, na tarehe 1 Julai USAID ikafungwa. Hapa mkoani watu waliokuwa wakifanya kazi katika miradi ya UKIMWI walibaki bila ajira, na wagonjwa wakawa na hofu ya dawa. Aliandika kama vile yeye ndiye aliyetia sahihi. Nilimjibu kwamba dawa zile, tangu mpango wao wa UKIMWI uanze mwaka 2003, zimewaacha hai watu ninaowaandikia vyeti vya ndoa leo, na hilo halifutwi na sahihi ya mtu yeyote. Sikumwandikia jambo jingine ninaloliwaza, nalo ni kwamba nchi ya miaka zaidi ya sitini ya uhuru haikupaswa kuwa na wagonjwa wanaotetemeka kwa sababu ya karatasi iliyotiwa sahihi Washington. Hilo ni letu kujiambia.

Mwezi uliopita ulikuja ujumbe mwingine. Bibi yake amefariki katika nyumba ile. Aliomba Misa hapa Kibosho, nami nikaliandika jina la marehemu katika kitabu cha nia, nikapiga hodi kwa Padre. Lilipotangazwa Jumapili, watu waliguna jinsi lilivyo gumu kutamkwa. Meku alinisubiri mlangoni na bakora yake. Hakuuliza alikufa kwa ugonjwa gani. Aliuliza kama wale watoto wanne walifika kumzika. Nikamwambia walifika wote, na kwamba jeneza lilibebwa na wajukuu, na ndugu wa mama alishika upande mmoja na mwalimu upande wa pili.