Dhahabu Nyeupe Isiyo Dhahabu

Liko neno moja la sokoni ambalo limenichosha: "dhahabu nyeupe". Watu hulitumia kwa vitu viwili visivyo na undugu. Cha kwanza ni dhahabu hasa, iliyotiwa nikeli au paladi hata ikapoteza umanjano wake. Cha pili ni platini (wapenda kandanda wasicheke), madini mengine kabisa, ambayo Wahispania waliyakuta katika mito ya Amerika ya Kusini, wakayadharau, wakayaita platina, yaani kijifedha. Waarabu nao wana mkanganyo huo huo wa jina. Kwa mwanamke pengine hiyo ni tofauti ya bei na ya ngozi, kwani nikeli huwawasha baadhi ya watu. Kwa mwanamume Mwislamu ni suala la halali na haramu: dhahabu ya karati 18, hata iwe nyeupe kama karatasi, sehemu 750 katika 1,000 ni dhahabu ile ile aliyokatazwa kuivaa.

Nayasema haya kwa sababu ya mpwa wangu, mtu wa Dimani, upande wa Kibiti, ambaye riziki yake ni kaa na kamba wa delta ya Rufiji. Mchumba wake, binti wa hapa Kilindoni, alitaka kumvisha pete siku ya harusi. "Mjomba," aliniambia alipovuka kutoka Nyamisati, "fedha siitaki. Ile ya marehemu baba ilikuwa nyeusi kama mkaa."

Pete ile naikumbuka. Delta ya Rufiji ina mikoko takriban hekta 53,000, na chini ya mikoko hiyo limelala tope linalonuka kama yai viza. Harufu hiyo ni gesi yenye salfa, na fedha ikikutana nayo huvikwa koti jeusi, hata bila kuguswa na tope lenyewe. Marehemu shemeji alikuwa akiisugua pete yake kwa majivu kila Ijumaa. Jumatatu imekwisha kuiva tena. Platini haijali salfa wala maji ya chumvi.

Sonara mmoja wa Dar es Salaam, ambaye jina lake nalihifadhi, alimwonyesha kijana pete nyeupe inayometameta, akamwapia kuwa ni platini. Kwa ndani ilikuwa na muhuri mdogo: 750. Platini ya vito aghalabu hupigwa muhuri wa 950, au 900, au 850. Tarakimu tatu zilitosha kumaliza mazungumzo. Mng'ao ule ulikuwa wa rodi, madini yaliyochovywa juu juu. Yakichakaa, umanjano huanza kuchungulia kama jua la alfajiri nyuma ya mikandaa.

Basi iwe platini. Lakini platini ipi? Platini tupu ni laini mno kwa pete ya kila siku, haina budi kutiwa kitu. Katika ile ya 950, sehemu 50 zilizobaki ndizo zinazoamua tabia yake. Mshairi hatashangaa, maana ajua jinsi mshororo wa mizani 16 unavyoshikwa na silabi moja ya kina.

Wapo wanaotia kobalti. Platini hiyo ikiyeyuka hutiririka vizuri hadi pembeni mwa kalibu, kwa hiyo hufaa nakshi za kumimina. Kioja chake ni kwamba sumaku huivuta kidogo. Wapo wanaotia rutheni, nayo hutoka ngumu, yenye kung'aa vikali, na hupendwa na wanaochonga pete kwa mashine. Na wapo wanaotia iridi, desturi kongwe ya mafundi wa mkono.

Mimi nilichagua iridi, tena ile ya 900, yenye iridi 100 katika 1,000. Sababu yangu ilikuwa kidole. Vidole vya mvutaji nyavu hunenepa kwa miaka, na pete itataka kupanuliwa si mara moja. Iridi kwa kiasi hicho huipa platini ugumu wa kutosha, lakini chini ya nyundo haina ukaidi. Nakiri pia nilivutwa na jambo lisilohusu kidole. Mchanganyiko huo huo ndio uliofanyiwa kilo ya mfano iliyotunzwa karibu na Paris, na tangu 1889 hadi 2019 kila mizani halali, ya korosho za Kibiti na ya kaa wa Nyamisati, asili ya hukumu yake ilikuwa pale.

Kupata fundi ndiyo ilikuwa kazi. Dhahabu huyeyuka kwa nyuzi 1,064 za selsiasi. Platini hungoja 1,768. Sonara wetu wa hapa alipoisikia hesabu hiyo alicheka, akasema moto wa namna hiyo anao Mungu peke yake. Tukampata mwingine bara, mwenye mtungi wa oksijeni. Bei haikututisha kama tulivyodhani, kwa kuwa tangu mwaka 2015 gramu ya platini imekuwa rahisi kuliko ya dhahabu. Ila platini ni nzito, na pete ya umbo lile lile huishinda ya karati 18 kwa theluthi moja au zaidi.

Shangazi wa bibi harusi aliipima kiganjani, akauliza kama tumeijaza risasi. Imekwisha kufifia uso kwa mikwaruzo, ingawa platini ikikwaruzwa haipungui sana, husogea tu pembeni. Weusi haujaonekana. Mpwa wangu huivua siku moja tu, siku ya kutia mkono kwenye tundu la kaa, na siku hiyo hulala ndani ya kikombe cha chai cha mkewe.