Usiku Treni ya Kabalo Ilipochelewa

Goma haijawahi kuwa na reli. Ndiyo maana watu wa hapa wakisikia nilifanya kazi ya treni huniuliza mara moja: uliendesha kutoka wapi mpaka wapi? Sikuendesha. Kazi yangu ilikuwa kutembea. Kabla treni haijatoka, mtu mmoja huanzia kwenye lokomotivu, akateremka ubavu mmoja mpaka behewa la mwisho, akavuka nyuma yake, akarudi kwa ubavu wa pili, na njia nzima anainama, anagonga, anashika, ananusa. Huyo asipotia sahihi, masinisti, yaani dereva wa treni, hatii mkono kwenye mitambo yake hata stesheni ikiwa imefurika watu. Huko Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika, kwa miaka mingi, mtu huyo nilikuwa mimi. Kabla yangu alikuwa mzee aliyenifundisha, na ni yeye ninayetaka kumsimulia.

Nilifika Kalemie mwaka 1976, kijana ambaye hajaona chuma kikubwa kuliko meli za Ziwa Kivu. Nilikwenda kwa meli mpaka Bukavu, nikateremka na lori kwa njia ya Kamanyola mpaka Uvira, halafu meli tena, ya Tanganyika. Miaka miwili nyuma, mwaka 1974, serikali ya Zaire ilikuwa imeunganisha makampuni ya zamani ya reli kuwa shirika moja, SNCZ, lakini mafundi wakongwe walikuwa bado wanajiita watu wa CFL, kampuni ya enzi za Wabelgiji. Mzee alikuwa mmoja wao. Aliingia kazini akiwa mtoto wa kupakia kuni kwenye injini za mvuke.

Reli ya Kalemie kwenda Kabalo ilifunguliwa mwaka 1915 na urefu wake ni kilomita 273. Inafuata Lukuga, mto unaotoa maji ya ziwa kuyapeleka Lualaba. Maji yakienda upande huo, maana yake ni mteremko. Kabalo iko chini kuliko Kalemie kwa karibu mita 200, kwa hiyo masinisti anayetoka ziwani na mabehewa yaliyojaa ana mzigo unaomsukuma mgongoni. Mzee hakunifundisha jambo lolote kabla ya hilo. Kuvuta treni, alisema, ni kazi ya injini. Kuisimamisha ni kazi ya kila gurudumu.

Vifaa vyake vilikuwa taa, nyundo ya mpini mrefu, ufunguo wa spana na kitambaa kilicholowa mafuta. Nyundo ilikuwa ya kugonga magurudumu. Gurudumu zima hulia kwa sauti ndefu, safi. Lenye ufa hutoa sauti fupi, iliyozibwa. Treni ikiingia kutoka safarini, kabla haijapoa, alipita akiweka mgongo wa mkono juu ya sanduku la mafuta la kila ekseli. Hutumia mgongo wa mkono kwa sababu likiwa la moto kupita kiasi mkono wenyewe hujirudisha, na kiganja kinabaki kizima kwa kazi. Sanduku lililokauka mafuta alilijua kwa harufu kabla ya kulifikia. Aliangalia vile vyuma vya breki vinavyobana gurudumu, vimelika kiasi gani. Aliangalia ndoano za kuunganisha, pini zake, milango ya vagoni, kamba za mapipa ya mafuta ya mawese. Magunia yaliyopangwa upande mmoja aliyarudisha yakapangwe upya, hata mwenyewe alalamike vipi.

Kulikuwa na kabari pia. Mabehewa yaliyolala uwanjani hushikwa kwa breki ya mkono na kabari chini ya magurudumu, kwa sababu breki inayotegemea injini haiaminiki injini ikiwa haipo. Wakati wa kuondoka kabari hutolewa, breki za mkono hulegezwa moja moja, na kabari hurudishwa kwenye rafu yake na kuhesabiwa. Moja ikipungua, bado iko chini ya treni. Nimemwona akirudi gizani kutafuta kabari moja huku masinisti akipiga honi.

Usiku ninaousema ulikuwa wa mvua za Novemba, mwaka 1979. Treni ilikuwa ya mchanganyiko: mabehewa ya abiria mbele, vagoni za mizigo nyuma. Kulikuwa na ndagala wakavu kwa magunia, marobota ya vitambaa vya kiwanda cha Filtisaf, mapipa, baiskeli, kuku. Abiria walikuwa wameingia tangu jioni. Tulikuwa tumemaliza kutembea pande zote mbili na tukabaki mkiani kwa jambo la mwisho, jaribio la breki.

Jaribio lenyewe ni hivi. Bomba moja linapita chini ya treni nzima, na kati ya behewa na behewa linaunganishwa kwa mpira. Masinisti akikaza breki mbele, amri hupita ndani ya bomba hilo mpaka nyuma kabisa. Mkaguzi husimama kwenye behewa la mwisho, si la katikati wala la karibu na kivuli, na kutazama kwa macho yake vyuma vikikaza gurudumu. Halafu anaashiria kwa taa, masinisti analegeza, na mkaguzi anatazama vikiachia. Vikifanya yote mawili hapo mkiani, ndipo amri imefika.

Tuliashiria. Honi ya masinisti ikajibu kwamba amekaza. Mzee alichuchumaa kwenye tope na taa yake. Vyuma havikusogea.

"Haijajibu," alisema.

Tulirudia. Kimya. Kijana wa masinisti alikuja mbio na mvua kichwani, akasema mshale wa geji huko mbele uko sawa, bosi anasema kila kitu ni kizuri. Mzee hakubishana naye. Alianza kupanda kuelekea mbele, behewa kwa behewa, akiingiza mkono kati ya chuma na gurudumu. Huku nyuma vidole vilipita. Akaendelea hivyo mpaka karibu katikati ya treni, vidole vikakwama. Toka hapo kwenda mbele breki zote zilikuwa zimekaza. Toka hapo kurudi nyuma hakuna hata moja.

Mpira kati ya mabehewa hayo mawili ulikuwa mzima kwa kuutazama, hauna tobo wala mkunjo. Aliufungua kwa spana, akausimamisha mbele ya taa na kuchungulia ndani. Mwanga haukupita. Ngozi ya ndani ilikuwa imebanduka, ikavimba na kuziba njia. Alinipa na mimi nichungulie. Nakumbuka hilo kuliko ninavyokumbuka mambo mengi makubwa ya miaka ile: mpira mweusi, unaoteleza kwa mvua, na giza ndani yake. Nusu ya treni ingeteremka na Lukuga bila breki, masinisti akiwa na mshale unaomwambia yote ni sawa.

Mpira wa akiba haukuwepo karibu. Tulikwenda uwanjani tukafungua wa behewa lililongoja ekseli mpya, na kazi hiyo, gizani, kwa nati zilizoshika kutu, haikuwa ya dakika chache. Abiria walianza kushuka. Akaja mkubwa mmoja wa serikali, amevaa abakosti, suti ya wakubwa wa enzi zile, mtu nyuma yake akimshikia mwavuli. Siku hizo wote tuliitana sitwayeni, mkubwa na mdogo.

"Sitwayeni, Kabalo wananingoja."

"Wakingoja mpaka asubuhi watanuna, sitwayeni," Mzee alijibu bila kuinuka. "Kununa kunapita."

Yule mkubwa alisimama kidogo, akatazama mpira ule mikononi mwetu, akarudi kwenye behewa lake. Sijui alielewa nini. Aliyenigusa mimi ni mama mmoja mwenye ndagala. Yeye hakuja na cheo. Alisema samaki wake wakinywa mvua wataoza kabla ya kufika, na fedha aliyonunulia ni ya mkopo. Hapo Mzee aliinuka. Aliacha spana, akawatuma vijana wa uwanjani walete turubai, akangoja mpaka magunia ya mama yamefunikwa, ndipo akarudi kwenye nati zake. Aliyekuwa na hasara ya kweli alihudumiwa, lakini treni haikuondoka kwa ajili yake.

Mpira mpya ulipofungwa nilidhani tutajaribu behewa lile tu lililofuata. Mzee alianza upya kabisa, kutoka mbele. Kitu kikishafunguliwa, kila kilicho nyuma yake hakijajaribiwa. Tulifika mkiani, tukaashiria, vyuma vikabana. Tukaashiria, vikaachia. Tukatazama taa nyekundu ya nyuma kama inawaka, maana kwa taa hiyo stesheni za njiani, Niemba, Nyunzu, hujua kwamba treni imepita nzima na haijaacha kipande porini. Kisha akaandika karatasi yake: idadi ya mabehewa, uzito, breki ngapi zinafanya kazi. Akatia sahihi, akampa masinisti mkononi. Treni iliondoka alfajiri na kufika Kabalo. Hakuna aliyeuliza tena habari za usiku ule.

Mwaka 1988 Mzee alikuwa amestaafu, anakaa na wajukuu. Tarehe 27 Juni treni ya abiria ilishindwa kusimama katika stesheni ya Gare de Lyon, Paris, ikagonga treni iliyokuwa imesimama. Walikufa watu 56. Redioni walieleza, siku baada ya siku, kwamba abiria mmoja alivuta breki ya hatari njiani ili ashuke, na masinisti alipohangaika kuirudisha treni katika hali yake alifunga koki moja ya bomba la breki bila kujua. Toka kwenye koki hiyo kwenda nyuma, breki hazikusikia amri. Nilikwenda kumsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: "Kabla ya kuondoka tena, nani alikwenda nyuma kutazama?"

Vita vya 1998 vilinirudisha Goma. Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ikamwaga moto katikati ya mji, na miezi mitano baadaye, tukiwa bado tunajenga juu ya mawe meusi, nilisikia habari za Igandu. Ni kule Dodoma, kwenye Reli ya Kati ya Tanzania, ile inayoishia Kigoma, ng'ambo ya ziwa letu. Tarehe 24 Juni treni ya abiria yenye watu zaidi ya 1,200 ilishindwa kushikwa na breki mlimani, ikarudi kinyumenyume ikiongeza mwendo mpaka ikakutana na treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Nililia siku hiyo kuliko jirani zangu walivyoelewa. Mimi nilijua mabehewa yale yanavyotoa sauti yakishikwa, na niliweza kusikia ukimya wa gurudumu lisiloshikwa.

Halafu Kituku, hapa Goma. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, iliyotoka Minova, ilipinduka karibu kabisa na gati, watu wa Goma wakiwa wamesimama ufukweni wanatazama. Barabara ya Minova ilikuwa imekatwa na vita, kwa hiyo watu na vyakula vyote vilipita majini, na boti zilijaa kupita kiasi. Wengi wetu tulizika watu tuliowajua. Kwenye matanga vijana waliniuliza, wewe mzee wa usafiri, dawa ni nini? Walitarajia niseme majaketi ya kujiokolea, au boti mpya. Hivyo vinatakiwa. Lakini mimi niliuliza ni nani, huko ilikoanzia safari, aliyekuwa na uwezo wa kusema haiondoki, na boti ikabaki.

Mtu huyo lazima awepo katika kila gati la Ziwa Kivu, kwa jina lake na sahihi yake. Asiwe muuza tiketi. Asiwe na mzigo ndani. Asiwe ndugu wa mwenye boti. Na mshahara wake usihesabiwe kwa safari zilizoondoka. Mzee wangu alipata fedha ileile siku treni ilipotoka kwa saa na siku ilipolala uwanjani.