Sarufi na Mazungumzo ya Mpira

Mjini Shinyanga mpira wa miguu huchezwa mara mbili: kwanza katika uwanja wa Kambarage, kisha kijiweni penye kahawa. Mchezo huu wa pili hauna refa, na pengine hudumu hadi usiku. Humo lugha yetu ya Taifa husemwa kwa moto mkubwa, na ndimo sisi tulimotenda kosa ambalo hatujalisahau.

Ulikuwa msimu wa 2021/22. Timu ya Geita Gold, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2021, ilikuwa ikishangaza watu, na mshambuliaji wake, George Mpole, alimaliza msimu huo akiwa mfungaji bora kwa mabao 17. Siku moja alifika kijiweni kijana mchimba dhahabu kutoka pande za Nyarugusu. Sisi sote tulikuwa tumeusikiliza mchezo redioni. Yeye peke yake alikuwa ameuona kwa macho. Akaanza: "Wazee wangu, mpira ile ilimpita golikipa kwa sababu..." Tukamkatiza: "Si mpira ile, kijana. Sema mpira ule." Watu wakaangua kicheko. Wahenga walinena kwamba muungwana akivuliwa nguo huchutama. Kijana alimaliza kahawa yake, akaaga kwa adabu, akaenda zake. Hadi leo hatujui kwa nini mpira ule ulimpita golikipa.

Je, sarufi ni kitu bure? La hasha. "Simba amefungwa" ni habari ya mnyama aliyetiwa kamba. "Simba imefungwa" ni habari ya timu, nayo huwanyima watu usingizi. Na anayesema "imefunga" mahali pa "imefungwa" amegeuza kilio kuwa shangwe kwa kudondosha herufi moja tu. Hapo kusahihisha ni haki, kwa kuwa habari yenyewe imepotoka. Kadhalika mwanafunzi aandikaye insha, na karani aandikaye barua ya ofisi, hawana budi kuzishika kanuni, kwani msomaji wao yuko mbali na hawezi kuwauliza walikusudia nini.

Lakini "mpira ile" haikumpotosha mtu yeyote pale kijiweni. Sisi wenyewe tulilelewa katika Kisukuma, na utotoni refa kwetu alikuwa "lefa". Wala hapana aliyekosa kujua ni nani apulizaye filimbi. Tena washabiki hawa hawa wameitajirisha lugha. Mwananchi anayeambiwa ofisini kila siku "njoo kesho" husema amepigwa danadana. Aliyekwepwa husema amepigwa chenga. Maneno hayo yalitoka mchezoni, si darasani, na sisi watumishi wa umma tunayaelewa vema kuliko tunavyopenda kukiri.

Basi, walimu na wanafunzi, yatupasa kutambua wakati na mahali. Katika daftari, kosa lisahihishwe bila huruma. Katika maongezi, habari isikilizwe kwanza hadi mwisho. Na likiwapo la kusahihisha, lisemwe faraghani. Lugha inayowanyamazisha wenye habari haijengi Taifa.

Kijana yule akirudi, tutamwagizia kahawa, naye aseme "mpira ile" apendavyo. Sisi tutasikiliza.